Zamda Chini ya Mlima Sekenke

Wiki iliyopita tulimzika Mama Zai. Siku ya tatu, watu walipokwisha kula na wenye maturubai wamekuja kuulizia vitu vyao, wazee wa mtaa pale Kalangalala wakanigeukia. Marehemu alikuwa Mzaramo, mimi Msukuma, na mtani hakai msibani akinywa chai kama mgeni wa harusi. Nikaingia chumbani kwake, nikajifunga khanga zake mbili, nikachukua mwiko, nikatoka nikiburuza ndara ya mguu wa kushoto kama alivyokuwa akiburuza yeye. "Nyie Wasukuma!" nikafoka kwa sauti yake ya puani. "Mmekuja kunizika au mmefuata wali? Wewe pale, hiyo ni sahani au karai?" Watu wakaangua kicheko. Zai, bintiye, akaegemea ukuta, anacheka huku machozi yanamtiririka, akasema, "Jamani, ndiye! Ndiye mama kabisa!" Mdogo wangu Milembe, aliyekuwa amefika na basi la asubuhi kutoka Kahama, alisimama karibu na pipa la maji akipiga makofi. Baadaye, tukiosha masufuria, Zai akatuuliza: "Hivi nyie na mama mlijuana wapi? Mimi nilikuwa mdogo. Nakumbuka tu wewe, Dada Kabula, unakuja jioni, unagombana na mama, halafu mnakula mihogo." Mimi na Milembe tukaangaliana. Tulijuana kwa ajili ya lori ambalo halijapata kuwepo, lakini jibu kama hilo haliwezi kutolewa na mtu aliyeshika sufuria. Nimeamua kuliandika.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, wazazi hatukuwa nao tena, na tulikuwa tumebaki wawili, mimi na Milembe. Milembe alikuwa kidato cha tatu Shinyanga mjini, anakaa kwa mama mdogo. Mimi nilikuwa Geita, nafanya usafi kwenye gesti moja ya Kalangalala ambayo wateja wake wengi walikuwa wachimbaji na wanunuzi wa mawe ya dhahabu. Nilifua mashuka yaliyokuwa na vumbi jekundu hata kwenye mishono, na chumba changu kilikuwa nyuma, kimetenganishwa na chumba cha mteja kwa bati tu. Kwa hiyo nilikula ugali wangu na dagaa nikisikiliza maisha ya watu. "Duara limeonyesha," mmoja angesema, maana yake shimo lao limeanza kutoa mawe yenye mali, na kesho yake yule yule angekuwa anaapa kwamba anarudi kwao kulima mpunga. Nilizoea. Hata leo nikikaa mahali pakimya sana ninapokula, chakula hakishuki vizuri.

Katika chumba kile, juu ya ndoo ya maji ya kunywa, niliweka vitabu vinane vidogo vilivyofunikwa kwa karatasi za mfuko wa saruji. Vilikuwa vitabu vya Zamda, dereva wa lori. Mama alivinunua kimoja kimoja stendi ya Shinyanga, na kila jioni alitusomea, akifika pahala pa hatari anafunga kitabu na kusema ugali unaungua, hata kama sufuria ilikuwa bado haijabandikwa. Zamda hakuwa na mume wala nyumba. Alikuwa na lori jekundu, ambalo kila asubuhi aliliamkia shikamoo kabla ya kuliwasha, na alikuwa na utingo wake, kijana mvivu aitwaye Chogo, aliyelala juu ya mzigo. Zamda hakuomba kitu kwa mtu, hakuapa, na hakupata hata mara moja kula kabla Chogo hajala. Hakukaa mahali pamoja siku mbili. Kitabu cha nane kilimwacha akishuka Mlima Sekenke na shehena ya saruji, Chogo amelala juu ya turubai, na sentensi ya mwisho ilikuwa: "Akakanyaga breki, na breki hazikushika." Mama aliulizia kitabu cha tisa stendi mpaka muuzaji akamwambia, "Mama Kabula, mwandishi amefariki. Sasa atakiandika nani?" Mama alirudi nyumbani bila kitabu. Miaka ilipita, Mama naye akaondoka, na mimi nikiwa nafua mashuka Geita lori lile bado lilikuwa linashuka mlima bila breki kichwani mwangu.

Mwanzoni mwa mwaka ule bodaboda ilimgonga Milembe akitoka shuleni. Mfupa wa paja ulivunjika. Walimlaza hospitali ya Kolandoto, na nilipofika nilimkuta chali, mguu umefungwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo miguuni pa kitanda, na mwisho wa kamba vinaning'inia vyuma vizito. Daktari alinieleza kwa upole kwamba vile vyuma vinauvuta mfupa ukae mstari mmoja ili ushike wenyewe, na kwamba kazi ya mgonjwa ni moja tu, kulala hivyo hivyo wiki nyingi. Akiinuka kabla ya wakati, mguu unaweza kupona ukiwa mfupi au umepinda. Nilimtazama Milembe. Huyu alikuwa mtoto asiyeweza kula akiwa amekaa. Darasani walimweka karibu na mlango. Wiki ya kwanza aliivumilia, wiki ya pili mama mdogo alimkuta amekwisha inyanyua ile kamba kwa mkono, anajaribu kugeuka. "Dada, nitaoza hapa," aliniambia kwenye simu. "Mgongo unawaka moto. Kila mtu anasema tulia, tulia. Nyie mnatembea!"

Halafu akaja mjomba. Mjomba alikuwa mtu mwema, na nataka hilo lieleweke. Mkono wake mwenyewe ulivunjika ujanani, akaungwa na mtaalamu wa mifupa wa kijijini kwao, na mpaka leo anashika jembe. Alisimama miguuni pa kitanda, akavitazama vile vyuma kama anayetazama mbuzi aliyefungwa vibaya. "Ng'wanone," akamwambia Milembe, yaani mwanangu, "huku ndiko kutibiwa au kutundikwa?" Akasema atatafuta gari, atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, ampeleke kwa yule mtaalamu. Nilipompigia kumsihi, alinijibu bila hasira: "Kabula, wewe ni mkubwa wake na mimi ni kaka wa mama yenu. Tusivutane. Simburuti mtu. Mtoto mwenyewe akisema anakaa, akae. Akisema twende, twende." Nilijua Milembe angesema nini. Angesema twende kabla mjomba hajamaliza kuuliza.

Siku chache baadaye Milembe alinipigia akiwa na sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu agongwe. "Dada! Zamda yuko hai!" Nikadhani homa. Kumbe muuguzi mmoja alikuwa amemwingiza kwenye kundi la simu linaloitwa Abiria wa Zamda, watu waliosoma vile vitabu, na humo kulikuwa na mtu anayejiita Utingo ambaye alikuwa anaandika kitabu cha tisa kipande kipande na kukituma jioni. Nilikasirika kama mtu aliyeambiwa jirani amevaa nguo za mama yake. Nikamwambia aachane na upuuzi huo. Akasema, "Siachi. Na huku wodini nawasomea kwa sauti. Mama wa kitanda cha dirishani haendi kuoga mpaka kipande kifike." Nikaomba kuingizwa kundini, si kusoma, bali kumkomesha huyo mtu.

Nilisoma vipande vyote kwa mkupuo, nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, chai ikapoa. Utingo alikuwa amelipeleka lori kwenye lundo la mchanga wa wajenzi wa barabara. Likasimama, tairi moja hewani, Chogo akaangukia kwenye kichaka bila kuamka. Basi. Baada ya hapo hakuna kilichotokea! Zamda alikuwa amekaa chini ya Mlima Sekenke akisubiri spea ya breki itoke Dar es Salaam. Kipande baada ya kipande, anasubiri. Wanapita wachunga ng'ombe, anapita fundi redio, anapita bibi harusi aliyebadili mawazo, wanakaa kivulini mwa lori wanaongea, wanaondoka, Zamda anabaki. Zamda yupi huyo? Nikaandika kundini: "Zamda hakai siku mbili mahali pamoja. Soma kitabu cha kwanza." Nikaandika tena: "Zamda haombi maji kwa wachunga ng'ombe. Ana dumu lake. Soma kitabu cha tatu." Mtu mmoja akajibu, "Trafiki kafika! Punguzeni mwendo!" Mwingine: "Funga mkanda, Utingo, afande ana hasira." Utingo mwenyewe akaandika, "Shikamoo afande. Dumu lilipasuka mlimani. Tochi yako imenipata nikiwa na mwendo wa kawaida kabisa." Tangu siku ile jina langu likawa Trafiki. Kila jioni nilipekua vile vitabu vinane nikitafuta kosa, na kila jioni, ukweli usemwe, nilikuwa nakiwahi kipande kabla hata ya mama wa kitanda cha dirishani. Na mama mdogo alinipa taarifa nyingine: Milembe ametulia. "Anasema eti na Zamda kaning'inia kama yeye," alisema. "Mimi sielewi, lakini kamba haigusi tena."

Basi mwezi ulikuwa unaelekea ukingoni, na Jumamosi ya mjomba imekaribia, Utingo akanyamaza. Kipande cha mwisho kiliishia na mlio wa mashine inayokuja kwa mbali kutoka mbugani. Siku ikapita, ya pili, ya tatu. Milembe alipiga: "Amekufa na yeye? Dada, kwa nini kila anayemwandika Zamda anakufa?" Kesho yake alisema mgongo umeanza tena. Siku iliyofuata akauliza mjomba anakuja na gari la aina gani, na kama atalala au atakaa. Nilikata simu. Nikaandika kundini, kwa mara ya kwanza bila kusahihisha chochote: "Utingo yuko wapi?" Msimamizi wa kundi akajibu: "Simu yake imezama kwenye bwawa la kuoshea dhahabu huko Geita. Mama wa watu anakaanga mihogo pale kwenye mashine za kusaga mawe, sasa hana hata ya kubipu." Nilisoma mara mbili. Mama. Geita. Mashine za kusaga mawe zilikuwa upande wa pili wa barabara kutoka gesti yetu, mlio wake ndio ulioniamsha kila siku.

Nilimkuta chini ya bati lake, mwanamke mnene wa makamo, kabinti kake Zai kamelala kwenye gunia, mafuta yanachemka. Vumbi la mawe limezifanya nyeupe nyusi zake. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba. Wa mihogo au wa chai?" Nikamwambia mimi ni wa Zamda. Akanitazama juu mpaka chini. "Abiria au?" "Trafiki," nikasema. Akaweka mwiko chini. "We! Trafiki ndiye wewe? Mtoto mwembamba hivi? Mimi nilidhani mwalimu mkuu mstaafu, ana kitambi na kalamu nyekundu!" Wachimbaji waliokuwa wanakula wakageuka. "Jamani, huyu ndiye anayenisimamisha kila jioni. Kabila gani wewe?" "Msukuma." "Ala, mtani! Basi nimepona. Tangu asubuhi natafuta wa kumtukana kihalali." Akanisukumia kigoda na sahani ya mihogo na pilipili. Simu yake, alisema, iko ndani ya gunia la mchele, ama inakauka ama inaiva.

Nilikuwa nimekuja kuomba, lakini nilianza kwa kugombana, ndivyo nilivyo. Nikamwambia Zamda si wake. "Ni wa nani?" akauliza akigeuza mihogo. "Wa aliyemwandika." "Yuko wapi?" "Amekufa." "Msibani kwake ulikwenda?" "Hapana." "Mimi pia sikwenda. Hatukumlilia, hatukumpikia. Haya niambie, Msukuma, kwenu mtu akifa, mtani wake anafanya nini?" Nilikuwa nimekwisha ona mahali anaponipeleka. Siku ya msiba wa Mama, mtani wetu mmoja, mama wa Kizaramo aliyekuwa anauza vitenge sokoni Shinyanga, alivaa gauni la Mama na miwani yake, akaingia katikati ya waombolezaji anatembea kwa kuinamia mbele kama Mama, ameshika kitabu kichwa chini miguu juu. "Nyamazeni nisome!" akasema. "Lakini kwanza ugali unaungua!" Mama hakupata kuyasema maneno yale kwa mpangilio ule, na wala mtani yule hakujua kusoma. Lakini ilikuwa Mama. Ilikuwa Mama kiasi kwamba Milembe, ambaye tangu kifo alikuwa kama kigogo, alicheka kwa kishindo, na kicheko kikampasua, ndipo akalia. Nakumbuka nilimshukuru yule mama moyoni, sikufikiria kumwambia kwamba gauni si lake. Mama Zai alikuwa ananitazama. "Basi na mimi nimevaa gauni la marehemu," akasema. "Kama natembea vibaya, nicheke. Lakini usinivue."

Ndipo nikamweleza ya Milembe, mguu, vyuma, mjomba, Jumamosi. Alisikiliza mpaka mwisho, mihogo ikaungua kidogo. "Kwa hiyo unataka nini?" "Ule mlio wa mashine uliokuja mwishoni, ni nini?" "Trekta. Dereva wake anataka kulivuta lori kwa mnyororo mpaka Igunga, bila breki." "Basi andika Zamda anakataa," nikasema. "Akatae kwa maneno makali. Milembe akisikia, atakaa." Mama Zai akatikisa kichwa. "Sifanyi." "Mama Zai, huu ni mguu wa mtu!" "Ndiyo maana sifanyi. Mtoto wa kidato cha tatu atanusa dawa ndani ya uji, na akishanusa, hata uji mtupu hatakunywa tena. Mimi trekta nilikuwa nalo tangu mwanzo, sikumjua mdogo wako. Zamda atafanya atakachofanya Zamda." Nikamuuliza atafanya nini. Akasema hajui bado, atajua akishafika pale. Halafu, kana kwamba ni jambo dogo, akaongeza: "Una simu? Una vidole? Mimi nitasema, wewe uandike. Lakini ukinisahihisha nakumwagia mafuta."

Jioni mbili nilikaa pale baada ya kazi. Yeye anamenya mihogo, anasema sentensi, mimi naiandika kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, mashine zinasaga, tunapaziana sauti. Kwa mara ya kwanza niliiona kazi ile kwa ndani, na sikuipenda kuona jinsi ilivyo ngumu. Angesema sentensi, aiache, akate muhogo mzima kimya, aseme, "Futa hiyo, uongo." Niliuliza kwa nini ameamua Zamda asubiri, badala ya kumkimbiza kama zamani. "Mume wangu alikwenda Chunya kutafuta dhahabu," alisema, "akasema nimsubiri hapa. Nimesubiri mpaka nimejua kukaanga. Huko kukimbia nimekusoma vitabu vinane, sasa nataka kujua mtu huyu akiwa amekaa ni nani." Hakulalamika. Alicheka hata, akasema spea yake yeye labda ilishushwa kituo cha njiani.

Kipande cha trekta tulikiandika Alhamisi. Dereva wa trekta anamsifia Zamda, anamcheka kwa kukaa kama kuku anayeatamia, anafunga mnyororo. Mimi naandika na kuogopa, kwa sababu maneno ya yule dereva yalikuwa matamu kweli kweli, matamu kama ya mjomba, hata mimi ningepanda. Zamda anaweka mkono kwenye ndoano. Mama Zai akachukua kisu. Akamenya muhogo. Halafu akasema polepole: "Zamda akamgeukia Chogo. 'Wewe ndiye unayelala juu,' akamwambia. 'Unasemaje?' Nukta. Itaendelea. Tuma."

Sikutuma. Nilishika simu, kidole kinaelea juu ya kioo, nikatafuta kosa. Katika vitabu vinane Zamda hakumuuliza Chogo neno zaidi ya kama amefunga turubai. Hilo lilikuwa kosa la wazi kuliko yote, nilikuwa na haki ya kulipigia filimbi. Lakini nilikumbuka sahani. Kitabu baada ya kitabu, Zamda anasimama na njaa yake kando ya barabara, anamtazama Chogo akila kwanza. Marehemu mwandishi hakuliandika swali lile, lakini alikuwa amelizunguka vitabu vinane vyote, na mwanamke huyu mwenye unga wa mawe kwenye nyusi alikuwa amelikuta na kuliokota. Nikajua kwamba nasoma kitabu cha tisa. Si mfano wake. Nikatuma. "Afande vipi?" Mama Zai akauliza. "Hakuna kosa," nikasema. Akashika kifua, akajifanya anazimia juu ya gunia la mihogo.

Jumamosi nilipanda basi la kwanza. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumshinda mjomba njia nzima, kuhusu mfupa, kuhusu daktari, kuhusu mimi kuwa mkubwa. Nilipoingia wodini harufu ya dawa ya sakafu na uji wa ulezi ilinipokea, na mjomba alikuwa amekwisha fika. Ameazima gari, nyuma ametandika godoro na shuka safi alilofua mke wake. Lile shuka lilitaka kuniliza. Mama mdogo amesimama upande, mikono kifuani. Milembe ananitazama mimi, si mjomba. "Haya Kabula," mjomba akasema, "wewe ndiye mkubwa. Sema." Na maneno yangu yote ya kwenye basi yakawa hayana kazi. Niligundua kwamba tangu mtoto huyu agongwe nilikuwa nimemwambia mambo mengi, lakini yote yalikuwa maagizo. "Milembe," nikasema, "wewe ndiye unayelala hapo. Unasemaje?"

Mama wa kitanda cha dirishani akapiga paja lake. "Hee! Zamda huyo!" Wodi ikacheka. Milembe hakucheka. "Zamda alipanda trekta au hakupanda?" akaniuliza. "Sijui." "Usinifiche." "Haki ya Mungu sijui. Mwenyewe hajasema." "Kila mtu ananiambia nikae," akasema. "Kuambiwa kunachosha kuliko hivi vyuma. Ungeniuliza tangu mwanzo, Dada." Halafu akamgeukia mjomba, akasema kwa adabu, "Mjomba, nashukuru kwa gari. Mimi nakaa. Breki kwanza." Mjomba akatutazama mmoja mmoja. "Huyo Zamda ni nani?" akauliza. "Ni daktari wa hapa?" Wanawake wa wodi nzima wakamjibu kwa pamoja, kila mmoja na pake pa kuanzia, na mjomba, ambaye alikuwa hajaelewa chochote, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu, akavua kofia, akasema, "Ngojeni, ngojeni. Hilo lori lilitoka wapi?" Alikaa mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha. Godoro lilirudi kijijini bila mtu, na Jumamosi iliyofuata mjomba alikuja kwa basi, na vitumbua.

Chogo alijibu Jumatatu. Alisema anaomba kwanza aende msalani, ndiyo afikirie, na alipotoka akasema spea kwanza, maana yeye akianguka mara ya pili anaweza kuamka. Spea iliwasili vipande vingi baadaye. Simu ya Mama Zai haikupona, mimi niliendelea kuwa vidole vyake mwaka ule wote na mingine iliyofuata, na sasa nikivifungua vile vitabu vinane huwa nashangaa mwanzoni kwa nini havina habari za bibi harusi aliyebadili mawazo.

Siku walipopiga picha ya mwisho, daktari aliinyanyua dirishani, akatuonyesha mahali mfupa uliposhika, umenyooka. Vyuma vikashushwa. Milembe akaletewa magongo, akatoka nayo mpaka barazani, jasho linamtoka, akakaa kwenye benchi kama malkia. Mimi sikulia wala kuruka. Nilikaa karibu na mama mdogo, nikasema nataka kuegemea kidogo tu, na nikalala usingizi mzito, saa nne ya asubuhi, kichwa mapajani pake, mdomo wazi. Sijui nililala muda gani. Nilichojua kwanza ni sauti ya mjomba, inabishana.

"Mimi nasema hivi. Ningekuwa Zamda, yule mtu wa trekta ningemfukuza siku ile ile. Hata salamu nisingempa."

"Mjomba," Milembe akasema, "si wewe ndiye ulikuwa mtu wa trekta?"

Nikasikia mapaja ya mama mdogo yanatikisika chini ya kichwa changu, anazuia kicheko asiniamshe. Ikashindikana. Akacheka yeye, akacheka Milembe, na mwisho mjomba mwenyewe, kwa sauti nene ya kukohoa, anasema, "Lakini nilikuwa na mnyororo mzuri, si nilikuwa nao?" Sikufumbua macho. Nilikuwa macho kabisa, na hakuna aliyenihitaji, nikawaacha waendelee.